Fumbo la Jina Lisilotajwa: Mchezo wa Maneno na Historia ya Lugha Mbulu na Hanang



Katika Mbulu na Hanang, mkoani Manyara, hukutana Kiiraqw cha jamii ya Kikushi, Kidatooga cha Kiniloti na lugha za Kibantu. Huko Mbulu husikika pia Kihadza, ambacho hakijathibitika kuwa na ndugu. Mwanahistoria asiye na hati za kale hulazimika kusoma wakati uliopita katika msamiati. Hoja yangu ni kwamba msamiati huo wakati mwingine ni fumbo, na asiyejua kufumbua atapotoka.

Miongoni mwa Wadatooga, mwanamke aliyeolewa hatakiwi kutaja majina ya wakwe zake na baadhi ya wazee wa upande wa mume. Mwiko hauishii kwenye jina. Huyagusa pia maneno ya kawaida yanayofanana nalo kwa sauti, na mahali pake huwekwa maneno mengine. Alice Mitchell, aliyefanya utafiti wake Mbulu, aliieleza kwa kina desturi hii katika tasnifu yake ya mwaka 2015.

Tuchukue mfano wa kubuni kwa Kiswahili. Baba mkwe akiitwa Majuto, mkaza mwana ataepuka hata neno «maji». Pengine atasema «cha kunywa». Msikilizaji hulifikia neno lililofichwa kwa njia mbili: maana ya kibadala, na sauti ya jina linaloheshimiwa. Chemshabongo za magazetini hufuata kanuni hiyohiyo. Nikisema, «Geuza taka upate chombo cha kuchotea maji», silabi zinakupa «kata», nayo maana inathibitisha jibu. Tofauti ni kwamba ufunguo wa fumbo la Kidatooga haumo katika maneno yenyewe, bali katika ujuzi wa nani ameolewa na nani.

Hapa ndipo historia inapoguswa. Mkusanyaji wa orodha za maneno anaweza kuandika kibadala akidhani ni neno la asili, kisha akajenga juu yake udugu wa lugha usiokuwapo. Vilevile, kibadala kikizoeleka na kurithiwa na watoto, neno la kale linaweza kutoweka bila vita wala uhamaji. Kusini mwa Afrika, baadhi ya wanaisimu wameihusisha hlonipha, desturi ya aina hii ya Wazulu na Waxhosa, na kuenea kwa vidoko vya Kikhoisan katika lugha zao.

Basi, kabla ya kuuliza neno lina maana gani, tuulize limesemwa na nani, na mbele ya heshima ya nani. Wanawake hawa hubeba msamiati maradufu, nao ni miongoni mwa waundaji wa historia ya lugha yao. Orodha isiyoonyesha hali ya msemaji huwafuta wao kwanza, kisha huifuta historia yenyewe.