Ukoo wa Dolmetsch na Mzigo wa Neno "Kinanda"

Katika Kijerumani, neno dolmetsch lilikuwa na maana ya mkalimani. Ndilo pia jina la ukoo mmoja wa mafundi na wanamuziki ambao kazi yao, kwa maoni yetu, ina funzo kwa waundaji wa istilahi.

Arnold Dolmetsch alizaliwa Le Mans, Ufaransa, mwaka 1858, akajifunza ufundi katika karakana ya baba yake, mwundaji wa piano na ogani. Alipohamia London, alikuta muziki wa karne ya 16 na ya 17 ukipigwa kwa piano, ala ambayo watunzi wake hawakuijua kamwe. Basi akaziunda upya ala zenyewe: klavikodi mwaka 1894, na hapsikodi mwaka 1896. Mwaka 1915 alitoa kitabu kinachoeleza jinsi ya kuufasiri muziki wa karne ya 17 na ya 18 kwa kufuata maandishi ya zama zake. Mwaka 1925 alianzisha tamasha mjini Haslemere, Uingereza. Alipofariki mwaka 1940, mwanawe Carl aliiendeleza kazi hiyo. Mwana mwingine, Rudolph, mpigaji hodari wa hapsikodi, alifia baharini vitani mwaka 1942.

Ala hizi zote zina vibao vya kubonyezwa kwa vidole, lakini hazitoi sauti kwa njia moja. Katika hapsikodi, ncha ya unyoya huudonoa uzi. Katika klavikodi, kipande cha shaba huugonga uzi na kubaki kimeugusa. Katika piano, nyundo huugonga na kurudi.

Sisi tunaziita zote "kinanda". Neno hilo, ambalo katika pwani yetu lilitaja kwanza ala ya nyuzi ya kupigwa kwa mkono, limebebeshwa pia harimonia, ogani na piano. Mfasiri aandikaye "piano" mahali pa hapsikodi hurudia kosa lile lile alilolikuta Dolmetsch. Naye aandikaye "kinanda" tu humwacha msomaji gizani.

Kwa hiyo tunapendekeza "kinanda" kibaki jina la jumla, na aina zake zitofautishwe kwa utendaji: kinanda cha kudonoa, kinanda cha kugusa, kinanda cha nyundo. Maana ya zamani nayo isifutwe katika kamusi zetu, kwani ikipotea, wajukuu wetu watazisoma tungo za wahenga wakidhani kwamba Lamu ya kale ilijaa piano.