Kabla Hujanunua Van ya Kulala Porini, Muulize Kwanza Mpagazi wa Tabora

Siku hizi ukifungua simu lazima ukutane nazo. Van imepakwa kijani cha jeshi, ndani kitanda, jiko la gesi na vitaa vya kupendeza, nje viti viwili na chai inafuka moshi mbele ya ziwa. Raha tupu! Vijana wengi wa mjini wanaitaka hiyo ndoto: nunua gari linalovuta kwa magurudumu yote manne, ligeuze nyumba, potelea zako porini.

Sasa ugomvi unaanza: gari gani? Huyu anasema Haisi, yule Delica, wa tatu anaapa bila Land Cruiser hutoboi.

Kabla ya kugombana, kuna jambo tamu la kujua. Neno la Kiingereza "van" ni kipande kilichokatwa kwenye "caravan", na hilo asili yake ni kwa Waajemi, waliouita msafara "karwan". Kwa hiyo van, ukifuata ukoo wake, ni msafara. Na kama kuna mji Afrika Mashariki unaoijua misafara, ni Tabora.

NJIA YENYEWE

Karne ya 19, njia kubwa ya biashara ilianzia Bagamoyo, ikapita Ugogo hadi Unyanyembe, yaani Tabora ya leo na vitongoji vyake, kisha ikaendelea mpaka Ujiji. Pwani hadi Tabora ni zaidi ya kilomita 800, na kutoka hapo hadi Ziwa Tanganyika ni karibu 400 nyingine. Pembe za ndovu zilishuka pwani. Nguo, shanga na waya vilipanda bara. Na tusifiche, hiyo hiyo njia ilipitisha pia watu waliotekwa wakauzwe.

Burton na Speke waliondoka pwani Juni 1857, wakafika Kazeh, makazi ya wafanyabiashara hapo Tabora, tarehe 7 Novemba. Zaidi ya miezi minne! Vitabu vikabeba majina yao. Mizigo ilibebwa na watu wengine kabisa.

Hao ndio wapagazi, na waliosifika kuliko wote ni Wanyamwezi. Hii ilikuwa kazi ya kulipwa, tena yenye heshima. Kijana wa Unyamwezi ambaye hajawahi kwenda pwani na kurudi alionekana bado hajakomaa. Mbele alitangulia kirangozi na bendera, nyuma wakafuata watu kwa mamia, wengine na wake zao. Usiku walipiga kambi, wakajenga boma la miiba, moto ukawashwa, sufuria ikainjikwa. Nyumba inayotembea si kitu kipya huku.

WALIOKUJA NA VYOMBO VYA KISASA

Wageni wengi walidhani wana akili zaidi. Stanley alipoondoka Bagamoyo mwaka 1871 alikuwa na farasi wawili, kundi la punda na kigari chembamba alichokitengenezea njia ile. Farasi wote wawili walikufa mapema kabisa. Kigari kikawa kero, kikaishia kutupwa kichakani.

Mwaka 1877 wamisionari wa London wakaja na magari ya kukokotwa na ng'ombe, kama waliyoyaona yakifanya kazi Afrika Kusini. Kule yalikuwa mkombozi. Huku mbung'o waliwamaliza ng'ombe, na safari ya kwenda Ujiji ikarudi mabegani mwa wapagazi. Mwaka 1879 mradi wa Mfalme Leopold wa Ubelgiji ukashusha tembo wanne wa Kihindi pale Msasani. Ndiyo, Msasani hii hii ya Dar. Wakafa mmoja baada ya mwingine.

Pesa ilikuwepo, ujuzi ulikuwepo. Kosa lao lilikuwa moja: walichagua chombo kwanza, njia wakaja kuiuliza baadaye. Mpagazi alifanya kinyume. Alijua wapi kuna maji, wapi kuna njaa, mwezi gani kuna tope, ndipo akafunga mzigo.

FRASILA MBILI, BASI

Mzigo wa kawaida wa mpagazi ulikuwa kama frasila mbili, takriban kilo 32, ukiacha mkeka wake, chakula na silaha. Wenye misuli walibeba pembe nzito kuliko hapo. Robota la nguo liliitwa mtumba. Ndiyo mtumba huo huo unaouzwa Karume leo, na kwa kweli hata gari la kutoka Japani nalo ni mtumba wa aina yake.

Mpagazi alijua kila kilo inalipiwa njiani. Mwenye van wa leo husahau. Tangi la maji la lita 100 ni kilo 100 tayari. Weka kitanda na kabati za mninga, mti uleule wa Tabora, mgumu na mzito. Weka betri, friji, mtungi wa gesi, tairi mbili za akiba, hema juu ya paa. Hapo abiria na masanduku yao bado hawajapanda! Gari likishazidiwa, springi zinalala, tumbo linakaribia ardhi, na uzito wa juu unalitikisa kila linapoingia kwenye korongo. Kwa hiyo kanuni ya kwanza: vizito vikae chini na katikati, mbao ziwe nyepesi, na gari lipimwe kwenye mzani likiwa limejaa. Makisio ya macho hayatoshi.

SASA TURUDI KWENYE GARI

Haisi yenye magurudumu manne ina nafasi ya kutosha, na mafundi wa nchi nzima wanaijua kwa sababu imebeba daladala miaka mingi. Udhaifu wake: toleo la kuanzia 2004 linagawa nguvu lenyewe, lakini halina gia nzito ya kupandia na kujinasua. Kwa vumbi, kokoto na utelezi wa kawaida inatosha. Kwenye tope la maana inachoka mapema.

Delica ya miaka ya 1990, ile ya Space Gear, inakuachia mwenyewe uchague uvutaji na ina hiyo gia nzito. Ni van yenye roho ya jipu. Lakini nyingi zimezeeka, ndani ni finyu kuliko Haisi, na spea zake hazijajaa mitaani kama za Toyota.

Land Cruiser ya familia ya 70, iliyoanza 1984 na ambayo mtaani inaitwa mkonga, ndiyo babu wa porini. Ina chasisi ngumu, gia nzito, na inakaa juu. Ila si van kamili. Upana wa kulala unaubania, mafuta inakunywa, na bei yake inaweza kumaliza pesa ya safari kabla safari haijaanza.

Jibu liko wapi? Liko njiani. Kama mpango ni Dodoma, Tabora hadi Kigoma wakati wa kiangazi, njia kuu siku hizi sehemu kubwa ni lami, na Haisi iliyoinuliwa kidogo yenye tairi nzuri itakufikisha. Kama unataka kuacha lami uingie kwenye miombo na mbuga za udongo mweusi kuelekea Mto Malagarasi, hesabu inabadilika. Udongo ule ukikauka ni sakafu. Ukilowa ni ugali. Mvua za Tabora huanza Novemba hivi na kwenda hadi Aprili, na wapagazi wa Kinyamwezi walijipanga wawe wamerudi nyumbani msimu wa kulima ukianza. Hakuna gia inayoshinda kalenda.

Na usisahau hongo. Zamani neno hilo lilikuwa na maana ya ushuru halali aliolipwa mtemi ili msafara upite kwake. Msafara uliotumia mali yote kabla ya Ugogo ulikwama. Leo hongo ya njia, kwa ile maana ya zamani, ni tairi, mafuta, fundi na siku mbili za kusubiri spea. Aliyemaliza akiba yote kununua gari hana cha kumlipa mtemi.

WASIO NA MAJINA

Mwaka 1873, watu karibu 60 waliubeba mwili wa Livingstone kutoka Zambia ya leo kuja pwani. Walipopita Tabora na kufika Kasekera, wenyeji hawakutaka maiti ipite kwao. Wakafanya nini? Waliufunga mwili upya uonekane mtumba wa nguo, wakawatuma wenzao warudi nyuma na furushi la uongo kana kwamba wanakwenda kuzika. Wakapita. Februari 1874 waliingia Bagamoyo. Majina ya Susi na Chuma yanatajwa. Wengi wa waliobaki hawatajwi popote, na bado ule ufundi wa kufunga mzigo ulikuwa wao wote.

Reli ilifika Tabora mwaka 1912, Kigoma 1914, na kazi ya mpagazi wa masafa ikafa polepole. Tembe aliyokaa Livingstone bado ipo Kwihara, nje kidogo ya mji. Ukifika na van yako, egesha kivulini, shuka, tazama njia inayotoka magharibi. Kisha fungua mlango wa nyuma uhesabu: katika yote uliyopakia, vingapi ungekubali kuvibeba begani hadi Ujiji?