Taa za Omena na Rangi ya Buluu Iliyochelewa

Kijana anayejiundia kompyuta ya mezani ya michezo leo, awe Migori mjini au Homa Bay, hachagui nguvu ya mashine peke yake. Kadi ya grafiki huja na taa ubavuni, na programu humwezesha kuipa rangi anayoitaka: nyekundu, kijani na buluu, kila moja kwa viwango 256, zikichanganyika hutoa rangi zaidi ya milioni 16. Taa hizo haziongezi kasi wala ubora wa picha. Ni pambo, na kijana ana haki ya kukipamba chombo alichokitolea jasho. Asilolijua pengine ni kwamba pambo hilo ni la ukoo mmoja na taa za wavuvi zinazoelea usiku juu ya Ziwa Victoria, kati ya Mbita na Muhuru Bay.

Ukoo wenyewe ni wa LED, kidude kinachotoa mwanga umeme unapopita ndani yake bila kuunguza waya wala mafuta. Ile nyekundu ilionyeshwa mwaka 1962 na Nick Holonyak, mhandisi wa General Electric nchini Marekani. Kijani ikafuata. Buluu ikagoma. Ilihitaji fuwele safi za galiamu nitridi, na wote waliojaribu kuziotesha walipata zenye kasoro. Isamu Akasaki na Hiroshi Amano wa Nagoya walishikilia kazi hiyo wengi walipokata tamaa, na mwishoni mwa 1993 Shuji Nakamura wa kampuni ya Nichia, Japani, akatangaza LED ya buluu yenye mwanga mkali. Watatu hao walipewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2014.

Bila buluu hakuna mchanganyiko wa rangi. Na jambo lililo kubwa zaidi kwa watu wa ziwani ni kwamba bila buluu hakuna nyeupe: taa nyeupe ya LED kwa kawaida ni kidude cha buluu kilichopakwa unga unaogeuza sehemu ya mwanga wake kuwa njano, na jicho likaona weupe.

Upande wa kompyuta mambo yalikwenda mbio. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 wapenzi wa mashine waliweka ndani ya kasha mirija ya taa ya rangi moja. Kadi ya GeForce GTX 690 ya mwaka 2012 ilikuwa na jina linalowaka kijani, basi. Kufikia 2016, kizazi cha GTX 1080 kilipotoka, kampuni za ASUS, MSI na Gigabyte zilikuwa zikiuza kadi ambazo mnunuzi huzichagulia rangi mwenyewe.

Ziwani mabadiliko yalikuwa ya polepole, na uzito wake ulikuwa mwingine kabisa.

Omena, dagaa wa ziwa hilo, huvuliwa usiku wa giza. Mwezi ukiwa mpevu samaki hutawanyika na mashua nyingi hubaki ufuoni. Giza likirudi, wavuvi hushusha taa juu ya vyelezo, wadudu hukusanyika, omena hupanda kuufuata mwanga, kisha neti huwazingira. Samaki aitwaye mbuta alipolitawala Ziwa Victoria miaka ya 1980 na wale waitwao fulu wakaangamia kwa wingi, omena alizidi kuwa tegemeo la pwani yote ya Homa Bay na Migori, kuanzia Kendu Bay, Rusinga na Mfangano hadi Sindo, Sori na Muhuru. Riziki hiyo iliwashwa kwa karabai.

Karabai ni taa ya mafuta yanayosukumwa kwa pampu, na mwanga wake ni mkali kweli. Lakini humeza lita moja ya mafuta ya taa au zaidi kwa usiku, kioo chake hupasuka kikirushiwa maji, na mashua moja huhitaji taa kadhaa. Fedha za mafuta hukatwa kwanza. Kinachobaki ndicho wanachogawana mwenye mashua na wavuvi wake. Usiku mbaya, mtu angeweza kuvuta neti hadi alfajiri na kurudi nyumbani mikono mitupu, kwa kuwa taa ndiyo iliyokula jasho lake. Hapa ndipo ninapoona thamani halisi ya kazi ya Nakamura na wenzake.

Mwaka 2008 kampuni ya Osram ya Ujerumani ilifungua Mbita kituo cha kuchaji betri kwa umeme wa jua, chini ya mradi ulioitwa Umeme kwa Wote. Wavuvi walikodi taa zinazotumia umeme kidogo pamoja na betri, wakarudi kuchaji betri ilipoisha. Vituo vya aina hiyo vilisaidia, ingawa naamini kilichoupindua uvuvi hasa ni kushuka kwa bei ya LED zenyewe: fundi wa ufuoni aliweza sasa kuunga taa na betri bila kusubiri mradi wa mtu. Kisha Septemba 2018 serikali ya Kenya ikaweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa, ili kuwazuia wanaoyachanganya na dizeli. Mvuvi wa karabai hakuwa amechanganya chochote, lakini tozo aliilipa.

LED imeleta deni lake pia. Betri za risasi hufa, na risasi ni sumu. Haifai kabisa zitupwe mchangani ambapo omena huanikwa na wanawake huuziana kwa gorogoro. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022 inawabebesha watengenezaji na waagizaji wajibu wa bidhaa zao hata zikisha kutumika. Serikali za kaunti za Homa Bay na Migori zinaweza kuanzia hapo, kwa kuhakikisha kila ufuo wa omena una mahali pa kurudisha betri iliyokufa, na anayeirudisha analipwa.