Jasho la Vijana Katika Milima ya Shenandoah



Vijana wasio na ajira wamo katika familia zetu nyingi. Kwa sababu hiyo, juma hili tuutafakari mpango mmoja wa kazi ulioacha alama kubwa katika historia ya Marekani.

Mwaka 1929 uchumi wa nchi hiyo uliporomoka. Rais Franklin D. Roosevelt alipoapishwa tarehe 4 Machi 1933, takribani mfanyakazi mmoja kati ya wanne hakuwa na kazi. Kabla mwezi huo haujaisha, ilipitishwa sheria iliyozaa Kikosi cha Uhifadhi cha Raia. Vijana wa kiume waliandikishwa, wakapewa chakula, mavazi na malazi kambini, pamoja na ujira wa dola 30 kwa mwezi. Kati ya hizo, dola 25 hivi zilipelekwa kwa wazazi wao. Kijana aliyeonekana mzigo nyumbani akawa mlezi wa wadogo zake.

Kambi ya kwanza ilifunguliwa Virginia mwezi Aprili 1933. Hadi kikosi kilipovunjwa mwaka 1942, vijana wapatao milioni 3 walikuwa wamekitumikia, nao walipanda miti zaidi ya bilioni 2. Katika Hifadhi ya Taifa ya Shenandoah, jimboni Virginia, walijenga kuta za mawe kandokando ya barabara ya mlimani, wakachonga njia za miguu na kuotesha miti kwenye miteremko iliyochakaa. Wageni wa leo wangali wanapita katika kazi ya mikono yao.

Hata hivyo, haki inatudai tuutazame na upande wa pili. Milima ile haikuwa mitupu. Jimbo la Virginia liliitwaa ardhi kwa nguvu ya sheria, na familia zaidi ya 400 zikahamishwa. Wapangaji, na wale waliokaa bila hati, hawakuwa na ardhi ya kulipwa fidia. Nyumba kadhaa zilibomolewa na vijana hao hao wa kikosi: mtoto wa maskini akitumwa kuvunja paa la maskini mwenzake. Tena, ingawa sheria ilikataza ubaguzi wa rangi, tangu mwaka 1935 vijana weusi walitengewa kambi zao. Mwaka 1939, ndani ya hifadhi hiyo, Lewis Mountain pakafunguliwa kuwa mahali pa wageni weusi peke yao.

Makaburi ya familia zilizohamishwa yangalimo msituni mpaka leo, karibu na njia zilizochongwa na vijana wale. Yote mawili ni kweli, wala moja halifuti jingine. Kazi yenye manufaa kwa wote humrudishia kijana heshima yake na kuvirithisha vizazi vijavyo kitu chema. Lakini manufaa ya wote yasiyomhesabu anayeondolewa hubaki na deni.

Basi, tunaposikia mipango ya kazi na ya ardhi katika nchi zetu, tuulize maswali mawili kwa pamoja: ni nani atakayepata mkate, na ni nani atakayeombwa kuondoka?