Ulimbikaji wa mafuta katika nguruwe

Ulimbikaji wa mafuta katika nguruwe ni namna mwili wa mnyama huyo unavyogeuza chakula kilichozidi mahitaji yake kuwa mafuta na kuyaweka akiba, hasa chini ya ngozi ya mgongo, kuzunguka figo na kati ya nyuzi za misuli. Kiasi chake hutofautiana kufuatana na mbegu. Meishan wa China, Mangalica wa Hungaria na nguruwe wa Iberia (Hispania na Ureno) ni wanono. Landrace wa Denmark na Piétrain wa Ubelgiji wana nyama nyingi na mafuta machache.

Jinsi mafuta yanavyofanyika

Chakula hutumika kwanza kudumisha uhai: joto la mwili, kupumua na mwendo. Kinachobaki hujenga misuli. Hata hivyo, misuli ina kikomo cha kujenga protini kila siku, kinachotegemea urithi, umri na jinsia. Kikomo hicho kikifikiwa, nishati ya ziada huwa mafuta. Nguruwe mnono ana kikomo cha chini, hivyo huanza kunenepa mapema.

Mafuta ya nguruwe hutengenezwa hasa ndani ya tishu za mafuta zenyewe, si katika ini kama ilivyo kwa kuku. Malighafi kuu ni glukosi itokanayo na wanga, na homoni ya insulini huchochea kazi hiyo.

Kwa mfugaji jambo hili ni gharama. Kilo moja ya mafuta hudai chakula kingi kuliko kilo moja ya misuli, kwa kuwa karibu robo tatu ya uzito wa misuli ni maji.

Urithi

Mwaka 1954 watafiti wa Wizara ya Kilimo ya Marekani huko Beltsville, Maryland, walianza kuzalisha nguruwe wa Duroc na Yorkshire katika makundi mawili: wenye mafuta mengi mgongoni na wenye mafuta machache. Baada ya vizazi kadhaa makundi hayo yalitofautiana waziwazi, kuonyesha kwamba unene hurithiwa.

Mwaka 2003 ilitangazwa kwamba badiliko dogo katika jeni ya IGF2 huongeza misuli na kupunguza mafuta ya mgongoni. Badiliko hilo hufanya kazi likirithiwa kutoka kwa baba tu.

Hasara za wembamba

Piétrain wengi walikuwa na badiliko la jeni ya RYR1, lililotambuliwa mwaka 1991. Badiliko hilo huongeza nyama, lakini mnyama hashindani na mshtuko. Akisafirishwa kwenye joto au akisukumwa ovyo, kalsiamu hufurika ndani ya misuli, mwili hukakamaa na kupata joto kali, naye huweza kufa. Akichinjwa katika hali hiyo, asidi ya laktiki hujaa upesi na nyama huwa nyeupe, laini na yenye kutoa maji.

Tena nyama isiyo na mafuta kabisa kati ya nyuzi zake huwa kavu ikipikwa. Kwa sababu hizo wazalishaji wa mbegu hutafuta nguruwe mwenye mafuta machache mgongoni, lakini yenye kutosha ndani ya misuli.