Bakuli Lisilotiwa Kitu: Tarehe ya Wakereza wa Marekani

Katika kazi zote za useremala chuma ndicho kiendacho na mti ndio ungojao, isipokuwa katika kukereza, ambako mti huzunguka kwa kasi na fundi husimama na bobari yake akiungoja umjie. Sisi watu wa pwani twaijua kazi hii kwa matendegu ya vitanda vya Lamu, yaliyokerezwa pingili kwa pingili na kutiwa rangi nyekundu na nyeusi. Lakini tendegu, hata likipambwa vipi, limewekwa libebe kitanda, na kwa karne nyingi, huku kwetu na kwingineko, mkereza alikuwa mtumishi wa haja ya mwingine: mguu wa kiti, mpini wa chombo, bakuli la chakula. Tarehe hii yaeleza namna kazi hiyo ilivyopanda daraja ikawa sanaa huko Marekani kwa muda wa miaka hamsini na kitu, nayo ilipanda kwa njia ya ajabu, maana wengi wa walioiinua waliiinua ama kwa kuacha lililokuwa la lazima, ama kwa kuokota lililokuwa la kutupwa.

Wa kwanza wa kutajwa ni James Prestini, aliyezaliwa mwaka 1908, mtu aliyesomea uhandisi na kusomesha hisabati, ambaye baina ya mwaka 1933 na 1953 alikereza mabakuli membamba mfano wa kaure, yasiyo nakshi wala pambo, hata Museum of Modern Art ya New York ikaona yastahili kuwekwa pamoja na kazi za wasanii. Alichokiacha Prestini ni unene, na pamoja na unene aliacha matumizi, kwa kuwa mwenye bakuli lile angeona haya kulitia mchuzi.

Akafuata Bob Stocksdale, mwana wa Indiana, ambaye dhamiri yake ilimkataza kushika silaha katika Vita Vikuu vya Pili, akawekwa katika kambi za waliokataa vita, na humo kambini ndimo alimoanza kukereza mabakuli. Baada ya vita alikaa Berkeley, California, akiifanya kazi hiyo hiyo hadi uzeeni, akitafuta miti ya nchi za mbali na kulipima kila gogo kabla ya kulikata, ili mistari ya mti iangukie pale atakapo. Mabakuli ya Prestini mtu huyasifu kwa umbo. Ya Stocksdale humlazimisha kuuliza ni mti gani huo.

Hapo ndipo ilipokuja zamu ya kasoro. Rude Osolnik, mwalimu wa ufundi katika Berea, Kentucky, aliacha ukingo wa bakuli ufuate ganda la gogo lilivyo, na Melvin Lindquist, mtu wa viwandani, pamoja na mwanawe Mark, wakaenda mbali zaidi, wakaokota magogo yaliyoanguka na kuanza kuoza. Kuvu za aina mbili zikikutana ndani ya gogo, kila moja hujenga ukuta mweusi kuulinda mpaka wake, na fundi akilikereza gogo hilo kabla halijawa unga, kuta hizo hutokea juu ya chombo kama mistari ya wino iliyochorwa na mkono usiotetemeka. Mti ambao seremala wa zamani angeutia jikoni ukawa ndio utafutwao.

Huko Atlanta, Ed Moulthrop, aliyekuwa msanifu wa majengo, alikereza vyungu vikubwa mno, akiviloweka katika dawa ya kuvizuia visipasuke, na ufundi huo umeshuka kwa silsila hadi kwa mwanawe na mjukuu wake.

Lakini aliyeacha kilicho kigumu kuliko vyote ni David Ellsworth, kwani yeye aliacha kuona. Huliumba gogo kwa nje, akatoboa tundu dogo juu, kisha akaingiza chuma kilichopindwa shingo na kukomba ndani gizani, macho yasimfae kitu. Hapo kazi huwa ya sikio na kiganja: ukuta ukiwa mnene mlio huwa mzito, na kadiri unavyopungua mlio hupanda, na fundi asiyejua wakati wa kusita hubaki na vipande mkononi.

Watu hawa walifanya kazi kila mmoja katika banda lake, hata mwaka 1976 ilipoanza mikutano ya wakereza huko Pennsylvania kwa juhudi za Albert LeCoff, na mwaka 1985 ukafanyika mkutano mkubwa katika shule ya sanaa ya Arrowmont, mjini Gatlinburg, Tennessee. Mwaka uliofuata kikaasisiwa chama cha American Association of Woodturners, Ellsworth akiwa rais wake wa kwanza, na siri ambazo mafundi wa kale walikuwa wakizirithisha wana wao tu zikawa zinafundishwa hadharani.

Nasi hatukuwa mbali na mambo haya kama tudhanivyo, maana miongoni mwa miti ipendwayo na wakereza wa huko na wa Ulaya ni mpingo wetu, ukuao polepole katika nyika za Tanzania na Msumbiji, mzito hata huzama majini. Wafanyao zumari na filimbi za Ulaya huutaka moyo wake mweusi peke yake, na ule utepe wa rangi ya maziwa uliopo chini ya ganda huukata na kuutupa. Mkereza huuacha. Bakuli lake jeusi linapotoka katika keezo, mdomo wake umezungukwa na utepe ule ule.