St. Paul's Limuru: Campo Iliyoanza na Watumwa Walioachiliwa Huru

Ukipita Limuru asubuhi ya mwezi wa saba, kitu ya kwanza utaona ni ukungu. Ya pili ni majani chai. Ya tatu ni makomredi wamejifunga maskafu hadi puani, wakikimbilia klasi. Hiyo ni St. Paul's University, campo ndogo ya kibinafsi ambayo wasee wengi wa Nairobi huijua kwa maneno matatu tu: "ile ya makasisi."

Si uwongo, lakini hayo maneno yameficha stori kubwa sana. Hii campo haikuzaliwa Limuru. Ilizaliwa Mombasa mwaka 1903, katika kijiji cha watu waliowahi kukamatwa, kufungwa minyororo na kuuzwa. Wengi wetu tulipita shule nzima bila mwalimu kututajia.

Rada kwa ufupi

- Mwanzo: 1903, Frere Town, Mombasa
- Kuhamia Limuru: 1930
- Jina la St. Paul's United Theological College: 1955
- Kuwa chuo kikuu kamili: Septemba 14, 2007
- Wenyewe: makanisa kadhaa ya Kiprotestanti pamoja na Baraza la Kitaifa la Makanisa, NCCK

Stori inaanzia Kengeleni

Kama wewe ni wa Mombasa, stage ya Kengeleni unaijua. Ukitoka kisiwani ukivuka daraja la Nyali, uko hapo karibu. Jina linatokana na kengele, na kengele yenyewe ni ya Frere Town.

Mwaka 1873 Mwingereza anayeitwa Sir Bartle Frere alitumwa Zanzibar kumsukuma Sultan Barghash afunge soko la watumwa. Sultan akatia sahihi mwaka huohuo. Lakini biashara haikukufa siku hiyo. Majahazi yaliendelea kusafirisha watu kisirisiri, na meli za kivita za Uingereza zikawa zinayafukuza baharini. Sasa swali likawa: hawa watu wakiokolewa, wanapelekwa wapi? Wengine walikuwa wameibwa mbali sana, huko karibu na Ziwa Nyasa. Wengine walikuwa watoto wadogo ambao hata hawangeweza kusema kwao ni wapi.

Mwaka 1875 wamishonari wa CMS, yaani Church Missionary Society, wakafungua kijiji ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa. Wakakiita Frere Town. Watu wa makabila tofauti walijikuta majirani, bila ukoo na bila shamba la babu, na lugha iliyowaunganisha ikawa Kiswahili. Wengine waliotangulia kufika pwani walikuwa wameokolewa kitambo, wakapelekwa hadi India, wakasomeshwa huko Nasik, halafu wakarudishwa Afrika. Hao ndio waliitwa "Bombay Africans." Mwaka 1885 wawili wao, William Jones na Ishmael Semler, wakawekewa mikono na Askofu James Hannington kuingia kwenye utumishi wa kanisa.

Unataka ushahidi kwamba hii jamii haikuisha? Kitabu cha Uhuru wa Watumwa, kilichotoka mwaka 1934, kiliandikwa na James Mbotela, mtu wa Frere Town. Na lile jina la Mbotela si geni kwako. Leonard Mambo Mbotela, ile sauti ya redio ya "Je, Huu ni Ungwana?", alizaliwa hukohuko Frere Town mwaka 1940.

1903: Watu waliouzwa wanashika vitabu

Hapo ndipo shule ya kufunza makasisi ikafunguliwa, mwaka 1903. Sasa cheki hii tarehe vizuri. Sheria ya kufuta utumwa kwenye pwani ya Kenya ilikuja 1907. Kwa hivyo hii shule iliwafunza watu wa familia zilizotoka utumwani miaka minne kabla sheria ikubali kwamba binadamu hawezi kuwa mali ya mwenzake. Nje ya geti la Frere Town bado kulikuwa na watu wenye bwana.

Wamishonari hawakuwa malaika. Frere Town ilikuwa na sheria kali, na Mwafrika msomi mara nyingi aliwekwa chini ya Mzungu hata kama kazi alikuwa anaiweza. Lakini ukishampa mtu kitabu, huwezi kuchagua atawaza nini akishakifunga. Hiyo utaiona mbele kidogo.

Kutoka joto la Mombasa hadi baridi ya Limuru

Mwaka 1930 chuo kikafunga virago. Kutoka usawa wa bahari hadi Limuru, zaidi ya mita 2,000 juu. Imagine hao wanafunzi wa pwani wakishuka kwenye hiyo baridi mara ya kwanza!

Hadi hapo chuo kilikuwa cha Waanglikana. Kuanzia 1949 Wapresbiteri na Wamethodisti wakaingia, na mwaka 1955 muungano ukawa rasmi. Chuo kikaitwa St. Paul's United Theological College. Mwaka 1973 kanisa la Reformed Church of East Africa likajiunga, na baadaye NCCK. Kwa Kenya hiyo si kitu ndogo. Makanisa hapa hugawanyika hata juu ya nani atashika kipaza sauti, na haya yakakubali kulea chuo kimoja.

Waliopitia hapo

Wawili tu wanatosha kukuonyesha.

Wa kwanza ni Festo Olang'. Alisomea ukasisi Limuru miaka ya 1940. Mwaka 1955 akafanywa askofu, kati ya Wakenya wa kwanza kabisa, na mwaka 1970 akawa askofu mkuu wa kwanza wa Kanisa la Anglikana la Kenya.

Wa pili ni John Gatu. Huyu alikuwa mwanajeshi wa KAR kabla ya kwenda kusoma Limuru miaka ya 1950. Mwaka 1964 akawa Mwafrika wa kwanza kuwa katibu mkuu wa PCEA. Halafu mwaka 1971 akaenda Marekani akasimama mbele ya watu wa misheni na kuwaambia wapumzike: wamishonari warudi kwao kwa muda, na pesa zao pia, ili makanisa ya Afrika yajifunze kusimama yenyewe. Hebu fikiria. Mtu aliyefunzwa kwenye chuo kilichoanzishwa na wamishonari ndiye aliwaambia wamishonari waende home. Wengine walikasirika sana, lakini hiyo hoja inajadiliwa hadi leo.

Chata ya 2007

Kwa zaidi ya miaka mia moja hii ilikuwa shule ya makasisi tu. Septemba 14, 2007, ikapata chata chini ya utawala wa Rais Mwai Kibaki na kuwa St. Paul's University. Milango ikafunguka. Leo theolojia bado ipo, lakini jirani yake kuna biashara, mawasiliano, kompyuta na masomo ya maendeleo. Campo kuu ni Limuru, na kuna tawi Nairobi mjini linalofaa wasee walio na mboka mchana.

Kitu moja watu hawajui: hii campo ya makanisa ina kituo Eastleigh cha kusomea uhusiano wa Wakristo na Waislamu. Ukikumbuka kwamba ilizaliwa Mombasa, mji wa misikiti, unaona si ajabu.

Maisha ya campo

Ukitafuta campo life ya mawe barabarani na vitoa machozi, hapa umepotea njia. Hii ni campo ya kanisa, na kanisa utalisikia. Kwa foleni moja ya chakula unaweza kusimama kati ya kasisi mtarajiwa wa miaka 45, aliyeacha bibi na watoto ushago, na dem wa mawasiliano anayehariri video kwa simu. Ukikaa nao utajifunza vitu haviko kwa notes.

Udogo una raha na karaha. Raha ni kwamba mhadhiri anaweza kukujua kwa jina, na marks zako zikipotea unajua mlango wa kubisha. Karaha ni kwamba ukihepa klasi inaonekana, na ukiachwa na mpenzi Jumatatu, Jumanne hadi mama wa chapo dondo anakupa pole.

Kuhusu baridi, usibishane nayo. Nunua sweta nzito na blanketi ya pili kabla ya kununua spika. Viazi na mboga ni fresh kutoka shamba, na mji wa Limuru, ule wenye kiwanda cha viatu cha Bata, uko karibu. Wikendi ikifika, mathree ya Nairobi haichukui muda kama jam imelala.

Na doh je?

Hapa ndipo wengi huumia, na si St. Paul's pekee. Kuanzia 2016 serikali ilikuwa inapeleka wanafunzi kwa vyuo vya kibinafsi na kuwalipia sehemu ya karo. Mfumo mpya wa 2023 ukakata hiyo mrija. Ukichagua chuo cha kibinafsi sasa, unaweza kuomba mkopo wa HELB, lakini mzigo mkubwa ni wako na mathe.

Naandika hii nikiwa najua. Niliacha masomo mwaka wa pili, campo nyingine kabisa, jina halina haja. Haikuwa akili, ilikuwa salio. Siku ya mtihani nilisimama nje na kalamu mkononi, kadi ya mtihani haijatoka, nikisikiliza wenzangu wakiambiwa wageuze karatasi. Kwa hivyo kabla ya kujaza fomu yoyote, uliza haya:

- Karo ya mwaka mzima ni ngapi, pamoja na usajili, mtihani, hosteli na graduation?
- Ukikwama katikati, wanakubali ulipe polepole? Waambie waandike.
- Kozi yako imeidhinishwa na CUE, na kama ni ya taaluma, bodi husika inaitambua?

Mwaka 1903 kilichozuia mtu kuingia darasani ni kwamba alikuwa na bwana. Siku hizi ni salio la karo. Wale wa Frere Town waliingia bila shamba, bila ukoo, bila hata jina walilozaliwa nalo, na waliofuata wakatoa maaskofu. Kwa hivyo ukipita Kengeleni siku moja, shuka kwa mat na uangalie ile kengele. Bado iko.